Dizeli iliyochakachuliwa: mwanga unaona nini?

Raskazone kuna maghala ya mafuta, na maboti yapo hapohapo. Haya ni maswali ya wasomaji wa Tanga, anajibu mkemia.

Mtaalamu, dizeli ya boti yangu inanuka mafuta ya taa. Nitahakikishaje?

Pua haitoshi, ndugu yangu. Dizeli na mafuta ya taa ni watoto wa mafuta ghafi yaleyale, kwa hiyo huchanganyika bila kuacha alama. Ndiyo maana mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, katika mafuta ya soko la ndani, kazi ambayo baadaye ilihamia TBS, shirika la viwango. Mafuta yasiyo na vinasaba yakiongezwa kwenye dizeli, kiwango cha vinasaba hushuka na kipimo hukitambua.

Nasikia kuna rangi inayong'aa ikikutana na mafuta. Inafanyaje kazi?

Hapa ndipo kemia inaponifurahisha. Rangi hiyo ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, molekuli zake hupokea nishati. Ndani ya dizeli, ambayo ni nzito, haziwezi kujipinda kwa urahisi, kwa hiyo nishati hutoka kama mng'ao. Mafuta ya taa ni mepesi: molekuli hujizungusha, nishati inapotelea humo, mng'ao unafifia. Watafiti wa taasisi ya BAM, Berlin, wameitia rangi ya aina hii kwenye vipande vya karatasi. Kamera ya simu inapima mng'ao. Lakini joto nalo huifanya dizeli kuwa nyepesi. Sampuli iliyoanikwa jua la saa saba mchana itasingiziwa uchakachuaji, hivyo lazima ilinganishwe na dizeli safi yenye joto lilelile.

Basi niimulike kwa tochi ya kukagulia noti?

Hapana. Dizeli safi yenyewe hung'aa bluu. Mng'ao bila cha kulinganisha nao hauthibitishi kitu.

Na gesi, nayo inaweza kutambuliwa kwa mng'ao?

Oksijeni, kwa mfano, huzima mng'ao wa baadhi ya rangi. Kadiri inavyozidi ndivyo mwanga unavyopungua. Vipimo vya oksijeni katika maji ya mabwawa ya samaki hutumia njia hiyo.

Sasa nifanye nini?

Usiendelee kuitumia: mafuta ya taa hayalainishi vizuri, na pampu na nozeli zitalika. Weka sampuli kwenye chombo safi kinachofunga, mbali na moto na jua. Andika sheli, tarehe na saa, tunza risiti, kisha upeleke malalamiko EWURA.