Vumbi la Mbao na Mashine ya Kulivuta
Somo kwa maseremala na kwa wote wanaofundisha vijana useremala

Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo watu wengi huliona kila siku wala hawalifikiri: vumbi la mbao. Katika sharika zetu wamo maseremala wengi, na baadhi yao wana vijana wanaojifunza kazi kwao. Siku hizi msumeno wa umeme na mashine ya randa vimeingia hata vijijini, na mahali palipotoka kikapu kimoja cha maranda kwa siku, sasa yatoka magunia. Kwa hiyo yafaa tujue vumbi hili ni kitu gani, lina hatari gani, na mashine ya kulivuta yawekwaje na kuendeshwaje kwa salama.

1. Kwa nini vumbi ni adui

Maranda makubwa yanayoanguka chini hayadhuru mapafu. Linalodhuru ni lile vumbi jembamba lisiloonekana. Wataalamu hulipima kwa mikroni, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni kama 70. Chembe zilizo chini ya mikroni 10 hupita puani na kooni, na zile ndogo kuliko mikroni 5 hufika ndani kabisa ya mapafu. Hizo hukaa hewani muda mrefu baada ya msumeno kunyamaza, hata fundi anayekula chakula chake karakanani huzivuta bado.

Tena mbao hazilingani. Vumbi la mvule huwasha ngozi na macho, na watu wengine huwaletea pumu. Vumbi la mpingo nalo hujulikana kwa kuwasha ngozi. Mtu aweza kufanya kazi miaka mingi bila kuona neno, kisha siku moja mwili ukakataa, na tangu hapo vumbi kidogo tu hulitosha kifua chake kubana.

Liko na baya kuliko hilo. Mji wa High Wycombe katika Uingereza ulikuwa mashuhuri kwa kutengeneza viti. Katika miaka ya 1960 daktari wa pua na masikio wa huko, Esme Hadfield, aliona kwamba saratani ya ndani ya pua, ambayo ni ugonjwa wa nadra sana, iliwapata mafundi wa viti kupita watu wengine. Uchunguzi uliofuata ulithibitisha jambo hilo, na mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliandika vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyojulikana hakika kuleta saratani kwa watu. Ugonjwa huo huchukua miaka mingi kabla ya kutokea. Ndiyo maana kijana wa miaka 16 haogopi: anavuta leo kitakachomwumiza akiwa mzee.

Hatari ya tatu ni moto. Gogo huwaka polepole, maranda huwaka upesi, lakini vumbi kavu lililotawanyika hewani laweza kuwaka lote mara moja na kulipuka. Katika jimbo la British Columbia, nchi ya Kanada, viwanda viwili vya kupasua mbao vililipuka mwaka 2012: kimoja huko Burns Lake mwezi wa Januari, kingine Prince George mwezi wa Aprili. Katika kila kimoja watu wawili walikufa, na wengine wengi waliumia. Huko Bosley, Uingereza, kiwanda cha unga wa mbao kililipuka mwezi wa Julai 2015, na watu wanne wakafa. Hivyo vilikuwa viwanda vikubwa, lakini kanuni ya moto ni ile ile katika karakana ndogo.

2. Mashine yafanyaje kazi

Mashine ya kuvuta vumbi ina sehemu nne. Ya kwanza ni mdomo, uliowekwa karibu na mahali vumbi linapozaliwa. Ya pili ni bomba. Ya tatu ni feni inayozungushwa na mota. Ya nne ni mfuko au kichujio, kinachozuia vumbi na kuacha hewa ipite. Mashine zilizo bora zina pipa kabla ya feni. Hewa huzunguka humo kama kisulisuli, vitu vizito huanguka chini, na vumbi jepesi tu huendelea mbele.

Anayeelewa mwendo wa hewa ameelewa somo zima. Ili vumbi la mbao lisitue bombani, hewa yapasa kwenda mita 20 hivi kwa nukta moja. Bomba lenye upana wa milimita 100, kwa mwendo huo, hupitisha hewa mita za ujazo 565 kwa saa. Bomba la milimita 150 hupitisha 1,270, yaani zaidi ya mara mbili, ingawa upana umeongezeka nusu tu. Kwa hiyo msidanganyike kununua feni kubwa na kuifunga kwenye bomba jembamba. Ni sawa na kumpa ng'ombe mwenye kiu maji kwa mrija. Wala msifunge bomba pana kupita kiasi kwenye feni dhaifu, maana hewa itakwenda polepole na vumbi litatua njiani.

3. Kuiweka mahali pake

Kwanza, ikiwezekana, feni na mfuko viwekwe nje, chini ya kibanda kisichovuja, mbali na jiko na mahali pa kuchomea taka. Mkiviweka nje, acheni madirisha wazi, kwa sababu hewa inayotolewa lazima iingie nyingine badala yake.

Pili, kama mfuko utakaa ndani, chagueni kitambaa chenye kuzuia vumbi la mikroni 1. Mifuko ya bei rahisi huzuia mikroni 30 tu. Hiyo hukusanya maranda, lakini hulirudisha vumbi jembamba puani mwa fundi. Karakana huonekana safi, kumbe hewa ni chafu.

Tatu, bomba liwe fupi, lenye kona chache, na laini kwa ndani. Mpira wenye mikunjo hupunguza sana nguvu ya hewa. Tumieni kipande kifupi tu pale mashine inaposogezwa.

Nne, kila tawi la bomba liwe na kilango cha kufungua na kufunga. Fungueni kilango cha mashine inayotumika, na vingine vifungwe. Lakini msivifunge vyote feni ikiwa inazunguka, maana hewa ikisimama vumbi hutua na kuziba.

Tano, mdomo wa feni usiachwe wazi kamwe mahali mkono wa mtu waweza kufika. Feni hiyo hukata vidole.

4. Umeme na cheche

Kazi ya nyaya ifanywe na fundi wa umeme mwenye ujuzi. Mota ya kilowati 1.5 kwa umeme wa volti 230 hutumia ampea 9 au 10 hivi, na inapoanza kuzunguka hutaka mara kadhaa zaidi. Waya mwembamba wa kuunganisha, uliozungushwa chini ya maranda, hupata moto na kuwasha karakana. Basi mashine ipewe njia yake ya umeme, yenye kinga inayoikata ikizidiwa, na waya wa ardhini ufungwe barabara.

Vumbi likipita katika bomba huzaa umeme wa msuguano. Katika bomba la plastiki umeme huo hukusanyika na kumpiga fundi. Hata pigo dogo lamweza kumshtua mtu aliyeweka mkono karibu na msumeno. Bomba la chuma lililounganishwa na ardhi toka mwanzo hadi mwisho ndilo bora.

Sasa hatari kuu: ndani ya mashine hii vumbi na hewa vimechanganyika katika chombo kilichofungwa. Kitakachohitajika kwa mlipuko ni cheche tu. Kwa hiyo shikeni makatazo haya:

Usifagie misumari wala skrubu kuelekea mdomo wa bomba. Chuma kikigonga feni hutoa cheche, na cheche huenda moja kwa moja mfukoni.
Usiunganishe tupa ya umeme ya kunolea vyuma na bomba la vumbi la mbao.
Usivute moshi wa vanishi wala wa rangi kwa mashine hii.
Usitupe mfukoni kitambaa chenye mafuta ya kitani. Hupata joto chenyewe na kuwaka.
Usiruhusu sigara karakanani.

5. Kazi ya kila siku

Asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama mfuko kama umefungwa vizuri na haukutoboka. Washa mashine ya vumbi kwanza, ngoja ishike mwendo, ndipo uwashe msumeno. Ukimaliza, zima msumeno kwanza, uache feni izunguke kidogo ili bomba lijisafishe.

Mfuko usingojewe hata ujae. Ukifika theluthi mbili, umwagwe. Kumwaga ni saa ya hatari kuliko zote, maana vumbi lililokusanywa wiki nzima hurudi hewani. Fanyeni nje, upepo ukiwa nyuma yenu, na barakoa usoni. Kama bomba limeziba, chomoeni umeme ukutani kabla ya kufungua kitu, na anayefungua akae na plagi mfukoni au mbele ya macho yake, asije mwingine akawasha.

Jioni pangusa juu ya boriti na rafu kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu, na hewa ya kupuliza kwa mashine, havisafishi. Huhamisha vumbi toka sakafuni hata kifuani.

Mkitaka kuijaribu kazi yenu, fanyeni hivi: fungeni madirisha mara moja mpate giza, wakeni tochi, mtazame mwali wake kwa upande wakati msumeno unapokata. Vumbi msiloliona mchana litang'aa kama moshi. Mtajua mara hiyo mdomo wa bomba unakosa wapi.

6. Neno kwa asiye na mashine

Najua wengi watasema, Mashine hiyo ni ghali. Ni kweli. Lakini asiye nayo aweza kusogeza msumeno na kazi ya msasa nje penye upepo, na watoto wasicheze hapo. Avae barakoa halisi ya vumbi, ya daraja la FFP2 au N95, na kwa msasa FFP3 ni bora, ikishika uso pande zote. Leso iliyofungwa puani haizuii vumbi jembamba. Hata mwenye mashine aivae anapopiga msasa, maana hakuna mashine inayovuta vumbi lote.

Na mwenye kufundisha vijana akumbuke kwamba kijana hana uwezo wa kumkatalia fundi wake. Akiambiwa apige msasa wa mvule siku nzima katika chumba kilichofungwa, atapiga, kisha atakohoa usiku nyumbani kwa mama yake. Katika Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwenye kazi awalinde walio chini yake. Lakini hata pasipo mkaguzi, fundi anajua ni nani aliyemkabidhi mtoto huyo, na kwamba alimkabidhi akiwa na kifua kizima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa mapafu hakuna fundi awezaye kuujenga tena.

Maswali ya kujifunza

1. Ni vumbi gani linalodhuru zaidi, linaloonekana au lisiloonekana? Kwa nini?
2. Bomba la milimita 150 hupitisha hewa mara ngapi kuliko lile la milimita 100?
3. Taja vitu vitatu visivyofaa kuingia katika mashine ya kuvuta vumbi.
4. Kwa nini feni huwashwa kabla ya msumeno na kuzimwa baada yake?
5. Katika karakana iliyo karibu nawe, ni jambo gani moja laweza kutengenezwa wiki hii bila fedha?