Ushirazi: jina, nasaba na vinasaba

Mwezi uliopita kijana mmoja anayehudhuria darsa yangu ya baada ya Magharibi alinisubiri mpaka watu wakaisha msikitini. Mkononi alikuwa na barua yake ya posa, imerudishwa. Wazee wa upande wa binti walikuwa wamejibu kwa adabu kabisa. Dini ya kijana hawana neno nayo, kazi yake hawana neno nayo, ila wao ni Washirazi wa asili ya Kilwa na kijana ukoo wake haujulikani. Wakaongeza kwamba ndugu yao mmoja aliyeko Ulaya alipeleka mate yake kupimwa, na majibu yakaonesha ana asili ya Uajemi. Kwa hiyo jambo hilo sasa limethibitishwa na sayansi.

"Ustadh," akaniuliza, "hivi Ushirazi unapimwaje?"

Nilimwomba anipe muda. Sikutaka kumjibu kwa hamaki, kwa sababu mimi mwenyewe bibi yangu mzaa mama alikuwa akijiita Mshirazi, na nimelelewa katika nyumba ambayo neno hilo lilitamkwa kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayetaja mali iliyofichwa. Yafuatayo ndiyo niliyomkusanyia, na nadhani yanawahusu wengi miongoni mwetu hapa mjini.

Tuanze na jina lenyewe. Shirazi kwa Kiarabu ni nisba, yaani jina la kumnasibisha mtu na kitu. Kitu hicho chaweza kuwa mji, kabila, kazi au hata madhehebu. Imam Bukhari ananasibishwa na Bukhara, Tirmidhi na Tirmidh. Wanachuoni waliandika vitabu vizima kuhusu nisba hizi, na mashuhuri zaidi ni Kitab al-Ansab cha As-Sam'ani aliyefariki mwaka 1166. Ukisoma habari za watu utagundua haraka kwamba nisba haikuwa cheti cha damu. Sahaba Suhayb (r.a) anaitwa ar-Rumi, Mrumi, ilhali nasaba yake ilikuwa ya Waarabu. Alitekwa utotoni akakulia kwa Warumi, jina likamganda. Na sisi wafuasi wa Imam Shafi tunamjua Abu Ishaq ash-Shirazi, mwenye kitabu cha al-Muhadhdhab, aliyefariki mwaka 1083. Huyo ni Shirazi mkubwa kuliko wote katika vitabu vyetu vya fiqhi, na hakuzaliwa Shiraz. Alizaliwa Firuzabad, akaenda Shiraz kusoma.

Sasa tuje pwani yetu. Habari za Kilwa zimetufikia kwa njia mbili za zamani: maandishi ya Kiarabu yanayoitwa Kitab as-Sulwa, na muhtasari alioutia Mreno João de Barros katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1552. Zote zinasimulia watu waliotoka Shiraz. Katika ile ya Kiarabu, baba na wanawe sita wanaondoka kwa majahazi saba, kila moja linatia nanga mahali pake, na moja linafika Kilwa. Wanamkuta huko Muislamu aliyetangulia, ndiye anayewafanyia ukalimani, na kisiwa kinanunuliwa kwa nguo. Masimulizi ya Kiswahili yanaongeza kwamba mgeni alimuoa binti wa mwenye kisiwa.

Lakini ile aliyoipokea Barros ina jambo ambalo wazee wetu wanaojinasibisha na Shiraz huwa hawalisimulii. Inasema Ali, aliyekuja kuanzisha utawala wa Kilwa, alikuwa mmoja wa wana saba wa mfalme wa Shiraz. Ndugu zake walizaliwa na mama wa Kiajemi mwenye nasaba ya kifalme. Yeye mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Ndugu zake walimdharau kwa ajili ya mama yake, naye akaona heri ahame nchi. Kwa maana nyingine, ndugu msomaji, kwa riwaya hiyo Mshirazi wa kwanza wa Kilwa alifika huku akikimbia maneno yale yale yaliyoandikwa katika barua aliyoishika kijana wangu. Na ngozi ya mama yake ilikuwa ya Afrika kabla hajaiona Afrika yetu.

Je, habari hizo ni za kweli? Wataalamu walibishana kwa miaka mingi. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, aliona waanzilishi hao walitoka upande wa Banadir huko Somalia, na wengine wakasema Ushirazi ni hadithi tu ya kujipandisha daraja. Alama zipo. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani kule Unguja una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Siraf, bandari ya nchi ya Fars ambako ndiko uliko Shiraz, ilifanya biashara na pwani hii, na Al-Mas'udi alisafiri na mabaharia wa huko mwanzoni mwa karne ya 10. Uislamu wenyewe ulikuwepo kabla ya hapo, maana Shanga katika kisiwa cha Pate imefukuliwa misikiti midogo ya miti inayoanzia karne ya 8.

Kisha mwezi Machi 2023 jarida la Nature likatoa utafiti uliowashughulisha watu wengi. Chapurukha Kusimba, David Reich, Esther Brielle na wenzao walisoma vinasaba vilivyotolewa katika mifupa ya watu waliozikwa Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na kwingineko, wengi wao wakiwa wa kati ya mwaka 1250 na 1800. Walikuta kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, na iliyobaki, ambayo kwa baadhi yao ni kubwa hata kupita nusu, ni ya Asia. Sehemu hiyo ya Asia, kwa kadiri ya asilimia 80 hadi 90, ilitokana na wanaume wa Kiajemi, na nyingine ni ya Kihindi. Kuchanganyika kulianza kiasi cha mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi damu iliyoingia ikawa zaidi ya Bara Arabu.

Kwa hiyo waliosema wazee walitunga wanapaswa kuwaomba radhi wazee. Nilipofika hapo kijana wangu alinyong'onyea, akadhani nimempa hoja mkwe wake mtarajiwa. Nikamwambia asubiri, hatujamaliza kuusoma.

Wataalamu hao walijuaje kuwa Waajemi walikuwa wanaume? Ipo sehemu ya vinasaba ambayo mtoto wa kiume huirithi kwa baba tu, kama jina la ukoo linavyopita. Ipo nyingine ambayo kila mtoto huirithi kwa mama tu. Katika mifupa ile, ile ya baba mara nyingi ilielekea Asia. Ile ya mama ilikuwa ya Afrika karibu kwa wote. Maana yake ni kwamba mji wa Waswahili ulijengwa katika nyumba ya mama Mwafrika. Lugha ilibaki ya mama, Kibantu, pamoja na maneno yote tuliyoyaazima. Jina likawa la baba. Halafu tukalishika jina, tukamsahau aliyetulea.

Yapo mengine mawili hayana budi kusemwa. Mengi ya makaburi hayo yalikuwa ya watu wenye nafasi, waliozikwa kwa mawe karibu na misikiti, hivyo hayatuelezi habari ya kila mvuvi na kila mkulima. Na tangu hapo miaka mingi imepita. Piga hesabu mwenyewe: una wazazi 2, babu na bibi 4, na ukirudi vizazi 10 nyuma unakuta nafasi 1,024 za wahenga. Jina lako linafuata mstari mmoja tu kati ya hizo 1,024. Vizazi 10 ni kiasi cha miaka 300 tu. Ukirudi miaka 1,000, yaani vizazi zaidi ya 30, hesabu inapita idadi ya watu wote waliokuwepo duniani, maana yake wahenga wanajirudia na koo zinaingiliana. Huyo kijana anayeambiwa hana ukoo, mama yake mzazi ni mtu wa Lindi. Nani atakayeapa kwamba hana tone la Siraf? Na nani kati ya wakwe atakayeapa kwamba jina halikuingia nyumbani kwao kwa mlango mwingine, kama lilivyowaingia wengi?

Maana milango ilikuwepo. Chini ya Mwingereza watu wa Zanzibar walihesabiwa kwa makabila, na idadi ya Washirazi ilipanda na kushuka katika sensa kadiri Wahadimu, Watumbatu na Wapemba walivyoamua kujiandikisha. Mwaka 1939 kikaundwa chama cha Washirazi, na mwaka 1957 Ushirazi ukaungana na Uafrika katika jina la chama cha Afro-Shirazi. Neno lilelile mara lilikuwa nasaba, mara siasa, mara kusema tu "sisi ni wenyeji."

Dini yetu inasemaje? Nasaba ni jambo zito katika Uislamu, na asije mtu akadhani nalidharau. Mirathi, mahram na ulezi vyote vimesimama juu yake. Suratul Ahzab aya ya 5 inaamuru watu waitwe kwa baba zao, na ndipo Zayd, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, akarudishiwa jina la Haritha. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi tunahimizwa kujifunza nasaba zetu ili tuunge udugu kwazo. Angalia sababu iliyotajwa: kuunga. Na Suratul Hujurat aya ya 13 inataja mataifa na makabila kuwa ni ya kujuana, kisha ikaweka utukufu kwenye ucha Mungu.

Watu wanaotaka kipimo nao wana kisa chao. Usama bin Zayd (r.a) alikuwa mweusi na baba yake mweupe, watu wakanong'ona. Siku moja Mujazziz al-Mudliji, bingwa wa kutambua nasaba kwa kutazama maumbile, aliwakuta baba na mwana wamelala, wamejifunika vichwa, miguu iko nje. Akasema miguu ile inatokana. Mtume (s.a.w) aliingia kwa Bi Aisha uso wake unang'aa kwa furaha. Bukhari na Muslim wameipokea. Basi kipimo kilipokelewa kwa furaha pale kilipozima fitina. Kwa upande wa pili, Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka, katika kikao chake cha Januari 2002, lilikataza kutumia vinasaba kwenda kuchunguza nasaba ambazo zimekwishathibiti kisheria. Kifurushi cha mate kilichoagizwa ili kujua asilimia za Uajemi chaweza kurudi na habari ya nani si baba wa nani. Waliokipeleka huwa hawalifikirii hilo.

Ama kafaa, ulinganifu katika ndoa, ni kweli Imam Shafi na Abu Hanifa wameitia nasaba ndani yake, na Imam Malik akatazama dini. Lakini hata katika madhehebu yetu hiyo ni haki ya binti na walii wake. Wakiridhia, ndoa ni sahihi. Mtume (s.a.w) mwenyewe alimshauri Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na huyo huyo Usama, mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Mwanzoni hakupenda. Akatii, na amesimulia mwenyewe kwamba aliona kheri.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kwa mzee wa binti, peke yangu, baada ya Alasiri. Alinikaribisha kwa kahawa na haluwa. Tulizungumza sana juu ya Kilwa, anaijua kuliko mimi. Nilipomfikishia habari ya Ali na mama yake Mhabeshi alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza imeandikwa wapi. Nikamtajia. Akasema atamuuliza binti mwenyewe, jambo ambalo mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa amelifanya. Barua ya posa ameniomba niiache pale mezani.