Kwa Nini Tope la Mchanga wa Mafuta Halitulii

Tafuta chupa mbili zinazoonyesha ndani. Tia kila moja kiganja cha udongo wa mfinyanzi, jaza maji, tikisa. Mchanga uliomo utazama papo hapo, lakini maji yatabaki machafu. Sasa chupa moja itie chembe ya shabu iliyosagwa, ile ya bei ndogo inayouzwa sokoni, ukoroge taratibu. Baada ya saa moja au mbili utaona tofauti: maji ya chupa hiyo yameng'aa. (Maji hayo usinywe bila kuyachemsha; kung'aa si usafi.)

Kinachofanya udongo uelee ni nini? Chembe ya mfinyanzi ni bapa, na upana wake haufiki milimita 0.002. Kila moja ina chaji hasi ya umeme, kwa hiyo zinasukumana. Shabu huipunguza chaji hiyo, chembe zikashikana mabonge, zikazama.

Jambo hilohilo linawasumbua wachimbaji wa Alberta, Kanada. Karibu na Fort McMurray mchanga wa mafuta, yaani mchanga ulioshikana na lami, huchimbwa, ukavurugwa na maji ya moto hadi lami ielee kama povu. Njia hii iliendelezwa na Karl Clark miaka ya 1920. Mara nyingi huongezwa kostiki, kemikali ya kutengenezea sabuni, ili lami iachane na mchanga. Ubaya wake, kostiki hiyohiyo huzitawanya chembe za mfinyanzi. Udongo ukizidi, chembe huyavika matone ya lami, nyingine hupanda na povu, na lami nyingi hupotea.

Mabaki huenda bwawani. Mchanga huzama, lakini mfinyanzi, hata baada ya miaka kadhaa, hubaki uji wenye yabisi kama asilimia 30 tu, na unaweza kukaa hivyo miongo mingi. Si mabwawa ya kuchezea: mwaka 2008 bata wapatao 1,600 walikufa katika bwawa moja la huko.

Dawa zipo: jasi, polima za kugandanisha chembe, mashine za kuzungusha tope kwa kasi hadi maji yatoke. Zote zinagharimu fedha na muda. Bwawa la kwanza kurudishwa kuwa nchi kavu, la kampuni ya Suncor, lilikamilika 2010, lakini tope laini lilihamishwa kwanza na shimo likajazwa mchanga. Ukisikia bwawa limefungwa, uliza tope limepelekwa wapi.