SOMO LA USALAMA KAZINI: KUNG'OA BOMBA LA CHOO LA CHUMA



Somo letu la leo ni juu ya kazi ambayo wengi huikimbia, na kwa hiyo aghalabu hupewa kibarua aliyefika asubuhi hiyo hiyo: kung'oa bomba kuukuu la choo na kutia jipya. Tunawafikiria hasa ndugu wanaotoka Nakivale kwenda Mbarara kutafuta vibarua. Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, imepokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950, na wengi huko hutumia vyoo vya shimo. Kijana aliyekulia huko aweza kufika mjini, akapewa nyundo na kuonyeshwa bomba ukutani, wala asijue ni kitu gani kilicho mbele yake.

Kabla ya kuingia kazi ya chama nilikuwa kibarua. Siku moja tulitumwa watu watatu kwenye nyumba ya zamani ya ghorofa. Msimamizi alisema, "Pigeni chini, litakuja lenyewe." Kweli lilikuja. Kipande cha chini kilipovunjika, vyuma vya kushikilia juu vilikuwa vimeliwa na kutu, na bomba lote likateremka. Mwenzetu alivunjika mguu. Alipewa nauli ya kurudi kwao, basi. Somo hili limetokana na siku ile.

BOMBA LENYEWE

Bomba hili ni la chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ni kigumu, lakini hakipindi; kikipigwa hupasuka vipande vyenye makali kama chupa. Bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 3 laweza kupita kilo 30. Katika nyumba ya ghorofa vipande hivyo vimesimama kimoja juu ya kingine. Basi shika neno hili moja: ukiondoa cha chini, umeondoa mguu wa vyote vya juu.

Maungio yake yalizibwa kwa kamba ya katani yenye lami, kisha juu yake ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa. Risasi ni sumu. Usiyachome maungio kwa moto, maana moshi wake huingia mwilini na kudhuru damu na ubongo, hasa wa watoto. Vipande vya risasi usivichukue nyumbani kuviyeyusha, hata kama mvuvi wa Ziwa Nakivale anavitaka viwe vizito vya nyavu.

KABLA YA KUKATA

1. Funga maji, na hakikisha watu wote wa jengo wameambiwa. Funga vyoo kwa kamba na weka mtu wa kulinda. Mtu mmoja akivuta maji juu, uchafu wote utakuangukia wewe.

2. Mimina maji safi mengi bombani, kisha liache lichuruzike.

3. Fungua madirisha. Hewa ya maji machafu ina gesi mbili za kuogopwa. Moja hushika moto, usivute sigara. Nyingine hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua pua, ukadhani imekwisha kumbe imeongezeka. Usiingie kamwe ndani ya shimo la maji machafu kumfuata mwenzako aliyeanguka. Wengi wamekufa wawili wawili kwa njia hiyo. Ita msaada.

4. Vaa glavu nzito, buti, kofia ngumu, miwani ya kukinga macho na kitambaa kizuri cha pua cha kuzuia vumbi. Mwenye kidonda akifunike vizuri. Uchafu huu huleta homa ya matumbo, kipindupindu na ugonjwa wa ini, na chuma chenye kutu huweza kuingiza pepopunda.

KUKATA NA KUSHUSHA

5. Kwanza shikilia, halafu kata. Funga vibano vipya vya chuma ukutani, chini ya mdomo wa kila kipande kitakachobaki juu. Jaribu kila kibano kwa uzito kabla ya kukiamini.

6. Anza juu, teremka chini. Kila kipande kifungwe kamba imara kabla hakijakatwa, na watu wawili waishike. Asisimame mtu yeyote chini.

7. Kikatio cha mnyororo ndicho bora, kwa kuwa hukaza hadi chuma kinakatika bila cheche. Mashine ya kukatia kwa jiwe hutoa cheche na vumbi, na jiwe likibanwa hukurukia. Kama hakuna kikatio, msumeno wa chuma wa mkono huchelewa lakini hauui. Nyundo itumike tu kwa kipande kilichokwisha kufika chini.

8. Tundu lililobaki lizibwe mara moja kwa kitambaa au kifuniko.

KUTIA JIPYA

9. Bomba la plastiki la milimita 110 huungwa na chuma cha zamani kwa mkono wa raba wenye mikanda ya chuma isiyoshika kutu. Saruji haifai hapo, hupasuka.

10. Plastiki hutanuka kwa joto. Penye mdomo wa raba, paka sabuni, ingiza bomba hadi mwisho, tia alama, kisha rudisha nyuma sentimita 1.

11. Bomba linalolala literemke sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Lishikwe ukutani kila mita 1. Lililosimama, kila mita 2.

12. Juu lipite paa, na lisizibwe. Likizibwa, maji yanayozuia harufu chini ya choo yatanyonywa, na gesi itaingia nyumbani.

13. Kabla ya fundi kuziba ukuta, mwaga ndoo kadhaa za maji na kagua kila ungio kwa mkono mkavu.

Ukimaliza, oga kwa sabuni, badili nguo, ndipo ule.

HAKI YAKO

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila malipo, na humpa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari kubwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 humtaka mwajiri amlipe fidia aliyeumia kazini. Mpe mwajiri taarifa mapema, usipitishe mwezi mmoja, kisha nenda kwa ofisa wa kazi. Mkimbizi naye ana haki ya kufanya kazi, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Andika tarehe, mahali, jina la msimamizi na majina ya mashahidi wawili. Mwenzetu wa mguu hakuandika kitu, na sisi tuliokuwapo hatukujua kumwambia.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

(a) Kwa nini tunaanza kukata juu?
(b) Msimamizi akisema hakuna vibano, ninyi watatu mtajibu nini kwa sauti moja?
(c) Nani katika tawi lenu atamweleza haya kibarua mgeni kesho asubuhi?