Doti ya kumpa mama

Swali: Binti aliyepata mshahara wa kwanza anataka kumnunulia mama yake kanga. Achague vipi?

Jibu: Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, ambavyo hukatwa na kupindwa kabla ya kuvaliwa. La kwanza ni jina, yale maandishi ya juu ya pindo la chini: mama atalisoma kabla ya kusifu rangi, na mashoga zake vilevile. Jina la dua au shukrani kwa mzazi linafaa. La kumpiga vijembe mke mwenza huzua maneno. Kisha kitambaa. Pamba hulainika kila ikifuliwa. Ugumu wa dukani mara nyingi ni wanga tu. Mama akimrudishia binti kipande kimoja wavae sare, asikatae.