Fizikia ya Kifyatulio: Kanuni za Kuchagua Kifyatulio Kipya cha Bunduki ya Shabaha

Bunduki ya aina ya AR-15 ilibuniwa na Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite nchini Marekani, na mwaka 1959 haki za kuitengeneza ziliuzwa kwa kampuni ya Colt. Tangu miaka ya 1960 bunduki za aina hiyo zimeuzwa pia kwa raia wa Marekani, na wengi wao huzitumia katika mashindano ya kulenga shabaha. Kwa kuwa sehemu zake hufunguka kwa urahisi, limetokea soko kubwa la vifaa vya kubadilisha vile vya kiwandani. Kifaa kinachobadilishwa mara nyingi ni kifyatulio, yaani ile sehemu inayovutwa kwa kidole ili risasi itoke.

Wauzaji husifu vifyatulio vyao kwa neno moja: wepesi. Lakini wepesi huo una gharama, na kosa katika uchaguzi laweza kuua mtu. Kanuni zinazohusika ni zile zile zinazofundishwa katika shule za sekondari: wenzo, msuguano, springi, nishati na inersia. Kwa hiyo kifyatulio ni mfano mzuri wa somo, hata kwa mwanafunzi ambaye hatashika bunduki maishani mwake.

1. Jinsi kifyatulio kinavyofanya kazi

Kifyatulio ni wenzo unaozunguka kwenye pini, na pini hiyo ndiyo egemeo. Upande mmoja huvutwa na kidole. Upande wa pili una jino dogo lililoshika nyundo. Nyundo husukumwa mbele na springi yenye nguvu, lakini jino huizuia isiende. Kidole kinapovuta, jino huteleza na kuachana na nyundo. Nyundo huruka na kugonga sindano, na sindano hupiga fataki iliyo kitakoni mwa risasi.

Bunduki hii hujijaza yenyewe kila baada ya risasi kutoka, na wakati huo kidole bado kimebana kifyatulio. Kama pasingekuwa na kitu kingine cha kuizuia nyundo, utaratibu wa bunduki ungevurugika. Kwa sababu hiyo kuna ndoano ya pili, ambayo huidaka nyundo inaporudishwa nyuma na kuishikilia mpaka kidole kilegee. Ndoano hiyo ndiyo inayohakikisha kwamba kila mvuto mmoja hutoa risasi moja tu. Jambo hili ni la kisheria pia: sheria ya Marekani ya mwaka 1934 huihesabu kuwa bombomu silaha yoyote itoayo zaidi ya risasi moja kwa tendo moja la kifyatulio.

2. Kani ya kuvuta hutoka wapi?

Kani inayohitajika kidoleni ina vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza ni msuguano kati ya jino na nyundo. Cha pili ni springi inayorudisha kifyatulio mahali pake.

Chukua mfano uliorahisishwa. Nyundo inagandamiza jino kwa kani ya nyutoni 100, na kizigeu cha msuguano ni 0.2. Kani ya msuguano ni 100 × 0.2 = nyutoni 20. Jino liko milimeta 10 kutoka kwenye egemeo, na kidole kiko milimeta 25. Kwa kanuni ya wenzo, kidole kitahitaji 20 × 10 ÷ 25 = nyutoni 8. Ikiwa springi ya kurudishia inadai nyutoni 10 zaidi, jumla ni nyutoni 18.

Fundi anaweza kuipunguza kani hiyo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kulainisha nyuso zinazosuguana na kuzipaka mafuta, mpaka kizigeu kishuke na kuwa 0.1. Kidole sasa kitahitaji nyutoni 4 + 10 = 14. Njia ya pili ni kuweka springi ya nyundo yenye nusu ya nguvu, hivi kwamba jino ligandamizwe kwa nyutoni 50 tu. Hapa pia jumla ni nyutoni 14.

Kidole hakiwezi kutofautisha njia hizo mbili, lakini bunduki hutofautisha. Katika njia ya kwanza nyundo imebaki na nishati yake yote. Katika njia ya pili nishati imepungua kwa nusu, na fataki yaweza isiwake. Kumbe vifyatulio viwili vyenye kani moja si lazima viwe na ubora mmoja.

3. Kwa nini wepesi hutafutwa

Kipimo cha kijeshi cha kifyatulio cha aina hii huruhusu kani ya nyutoni 24 hadi 42 hivi. Bunduki yenyewe, ikiwa tupu, ina uzito wa nyutoni 30 hivi. Maana yake ni kwamba kidole huweza kuvuta kwa kani iliyozidi uzito wa bunduki nzima. Kani hiyo isipoelekea nyuma moja kwa moja, huisukuma bunduki pembeni.

Athari yake huonekana kwa kutumia pembetatu zinazofanana. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele katika bunduki ndefu ya aina hii ni milimeta 500 hivi. Kilengeo cha mbele kikihama milimeta 1 tu, shabaha iliyo umbali wa mita 100 itakosewa kwa milimeta 200. Basi hamu ya kupata kifyatulio chepesi na kisichokwaruza ina msingi wa kweli.

4. Hatari ya wepesi uliopita kiasi

Fikiri kwamba bunduki imeanguka kutoka kimo cha mita 1, ikatua kwa kitako juu ya sakafu ngumu, na ikasimama baada ya kubonyea milimeta 5. Kifyatulio nacho kilikuwa kikianguka. Kwa inersia yake kitaendelea kushuka, na kushuka huko ni sawa na kuvutwa na kidole.

Chukua kwamba masi ya kifyatulio ni gramu 20, yote ikiwa mahali pa kidole. Nishati yake kinapofika sakafuni ni 0.02 × 9.8 × 1 = jouli 0.196. Nishati hiyo humalizwa na kazi ya kani inayokizuia. Kwa kuwa kazi ni kani mara umbali, umbali ni 0.196 ÷ kani.

Kani ikiwa nyutoni 40, umbali ni milimeta 4.9. Bunduki yenyewe husimama baada ya milimeta 5, kwa hiyo kifyatulio hakitasogea ndani yake. Kani ikiwa nyutoni 15, umbali ni milimeta 13. Toa milimeta 5 za bunduki, na kifyatulio kitakuwa kimesogea milimeta 8. Jino ambalo hushika kwa milimeta moja hivi litakuwa limekwisha achia, na bunduki italipuka bila kidole chochote kuigusa.

Hesabu hii imerahisishwa, lakini funzo lake ni la kweli. Pia inaonyesha njia ya kupunguza hatari. Kifyatulio cha gramu 10 chenye kani ile ile ya nyutoni 15 kitasogea milimeta 1.5 tu. Ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji hutumia alumini, ambayo densiti yake ni theluthi moja hivi ya ile ya chuma cha pua.

5. Hatua moja au hatua mbili

Kifyatulio cha kawaida cha AR-15 ni cha hatua moja: kani huanza na kumalizika mahali pamoja. Bunduki ya M1, iliyobuniwa na John C. Garand na kukubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1936, ina kifyatulio cha hatua mbili. Kidole huvuta kwanza sehemu nyepesi na ndefu, kisha hukuta kikwazo, na kani kidogo ya ziada humalizia kazi. Kani ikiwa nyutoni 15 katika hatua ya kwanza na 25 katika ya pili, mpiga shabaha huhisi nyongeza ya nyutoni 10 tu mwishoni, lakini jino hulindwa na njia ndefu zaidi. Faida ya wepesi hupatikana bila kuupoteza usalama wote.

6. Kanuni za uchaguzi

Kwanza, matumizi na masharti yajulikane. Mashindano ya biathloni hudai kifyatulio kisichopungua kilo 0.5. Mashindano ya kimataifa ya bunduki ya kawaida kwa mita 300 hudai gramu 1,500. Yale ya bunduki za huduma nchini Marekani hudai ratili 4.5, yaani kilo 2 na kidogo. Chombo cha kujilinda au cha kuwindia msituni hakistahili wepesi wa uwanja wa mashindano.

Pili, itafutwe njia iliyoleta wepesi. Nyuso laini ni bora kuliko springi dhaifu au jino lililopunguzwa kwa tupa. Jino likitiwa tupa, ndoano ya pili nayo yaweza kushindwa kuidaka nyundo, na bunduki ikatoa risasi mbili kwa mvuto mmoja.

Tatu, kazi ifanywe na fundi wa bunduki aliyehitimu, naye aijaribu bunduki ikiwa tupu.

Nne, kifyatulio chochote kisichukuliwe kuwa badala ya kifungio cha usalama, wala kifungio kisiwe badala ya kuitoa risasi chemba. Mtu aliyeiangusha bunduki tupu amepoteza rangi ya kitako tu.

7. Jaribio la darasani

Vifaa: ubao, vipande viwili vya mbao, misumari miwili, ukanda wa mpira, mshumaa na mizani ya springi. Pigilia kila kipande kwenye ubao kwa msumari mmoja ili kiweze kuzunguka. Kipande cha kwanza, yaani nyundo, kivutwe na ukanda wa mpira, na ncha yake iegemee ncha ya kipande cha pili. Vuta kipande cha pili kwa mizani katika umbali wa sentimeta 10, 15 na 20 kutoka kwenye msumari wake, na uandike kani inayokifyatua. Kisha paka nta ya mshumaa kwenye ncha na urudie. Macho yawe mbali na njia ya ukanda.

Maswali

1. Chora grafu ya kani dhidi ya kinyume cha umbali. Umbo lake lathibitisha kanuni gani?
2. Nta imebadilisha kitu gani katika hesabu ya sehemu ya 2?
3. Bunduki ya sehemu ya 4, yenye kifyatulio cha gramu 20 na kani ya nyutoni 15, imeanguka kutoka mita 0.5. Kifyatulio kitasogea kiasi gani? (Jibu: milimeta 1.5.) Je, kupunguza kimo kwa nusu kumeiondoa hatari?