KINYWA CHA MTOTO: LIPI UGONJWA, NA LIPI SI UGONJWA

Mzazi afunuapo midomo ya mtoto wake mgonjwa huweza kuona mambo mengi: vivimbe, madoa na vidonda. Mengine ni ya maumbile tu, na mengine ni ya hatari kubwa. Asiyejua kuyapambanua huweza kukata kisicho na ugonjwa, na kukiacha kile kiuacho. Basi na tutazame mambo matatu.

Kwanza, kivimbe cheupe ufizini. Kabla meno ya chonge hayajaota, ufizi wa mtoto hutuna mahali pake. Ndani yake mna jino changa, laini, ambalo litatokeza lenyewe apatapo umri wa miezi 16 hata 20 hivi. Katika Tanzania wako watu waliitao "jino la plastiki", wakidhani kwamba ndilo liletalo homa na kuharisha. Nao humpeleka mtoto kwa mtu wa kuling'oa kwa kisu au kwa spoki ya baiskeli. La, hasha! Homa ile huenda ikawa ni malaria, na kuharisha mara nyingi hutokana na uchafu wa maji au chakula. Jino likisha kung'olewa, ugonjwa wabaki pale pale, na juu yake huweza kuongezeka kutokwa na damu nyingi, pepopunda, au kidonda kuoza. Tena jino la ukubwani huenda likaharibika au lisiote kamwe. Mtoto huyu hahitaji kisu. Aendelee kunyonya, anyweshwe dawa ya chumvi na sukari itolewayo zahanati, naye apelekwe huko siku ile ile.

Pili, meno ya rangi ya kahawia. Pande za Arusha na Kilimanjaro wako wengi wenye meno ya namna hii. Si uvivu wa kupiga mswaki. Chanzo chake ni madini ya floraidi yaliyozidi katika maji, na pengine katika magadi ya kupikia, ambayo hulidhuru jino lingali likiumbwa ndani ya taya. Kuchemsha maji hakuyaondoi madini hayo. Yafaa watoto wadogo wapewe maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, na chakula chao kisitiwe magadi. Walimu nao wasimwaibishe mtoto kwa kosa asilolitenda.

Tatu, na hili ndilo la kuogopwa: noma. Huwashika hasa watoto wa miaka 2 hata 6 waliodhoofika kwa njaa, au waliotoka katika surua au malaria. Huanza kwa ufizi kuuma na kutoka damu, kinywa chanuka vibaya, kisha shavu lavimba. Baada ya siku chache huonekana doa jeusi, na shavu hutoboka. Wasiotibiwa, wengi sana hufa. Lakini likitambuliwa mapema, dawa za kuua vijidudu, kusafisha kinywa na chakula chema huweza kumponya. Wala haliambukizi, basi mgonjwa asifichwe. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuandika ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Wazee na walimu, yafundisheni haya barazani na shuleni. Kivimbe cheupe kiacheni; ufizi unukao na shavu livimbalo msingoje kuche.